Bustani za Panda Kutoka Dirisha la Treni: Mafunzo Niliyopata

Ukikaa na wazee wa Likasi, mji wetu wa migodi huko Katanga, kusini mwa Kongo, waliofanya kazi katika kampuni ya shaba ya Gécamines au kwenye reli, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye bustani. Zamani, wanasema, ukitoka Lubumbashi kwa treni ulijua umefika mjini kwa kuona ua uliokatwa sawasawa, maua, mistari ya mboga na miembe iliyojaa. Leo, wanasema, hakuna kitu. Mimi nimekulia Panda, mojawapo ya komini nne za Likasi pamoja na Kikula, Shituru na komini yenye jina la mji wenyewe. Treni nimeipanda tangu utotoni, mara kuelekea Lubumbashi, mara kuelekea Tenke na Kamina. Swali hili la bustani nimelifuatilia kwa miaka mingi, kwanza kwa sababu mama yangu alitulea kwa mboga za nyuma ya nyumba, na pili kwa sababu naamini linaeleza maisha ya watu wa hapa vizuri kuliko hesabu za tani za shaba. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Treni hupita uani kwa watu

Barabara hupita mbele ya nyumba, reli hupita nyuma. Mbele, mtu hupanda anachotaka wapita njia wakione. Nyuma ndiko kuliko na kinu cha kutwangia sombe (majani ya muhogo), kamba ya nguo, mbabula, yaani jiko la makala, kuku, na vitalu vya lengalenga (mchicha) na matembele. Abiria wa treni anaingia uani kwa mtu bila kupiga hodi, anaona kilichopo siku hiyo, na mwenye nyumba hana muda wa kupanga chochote. Ndiyo maana nauheshimu ushahidi wa wasafiri wa treni. Mwanamke anayepalilia mgongo ukiwa umeelekea reli hapalilii kwa ajili ya mgeni.

Lakini ushahidi huo una masharti yake. Kwetu mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika Machi au Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu yenye baridi ya usiku, maana tuko juu, kama mita 1,300 toka usawa wa bahari. Anayepita Januari huona mahindi yamefunika mpaka madirisha ya nyumba. Anayepita Septemba huona udongo mwekundu, mabua makavu na moshi wa nyasi zinazochomwa. Nimesikiliza mabishano mengi kuhusu bustani za Likasi, na mengi yalikuwa kati ya mtu wa Januari na mtu wa Septemba.

Kuna sharti lingine ambalo wasafiri hawalijui. Kipande cha reli kati ya Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, na Tenke kilitiwa umeme mwaka 1952, na kilikuwa miongoni mwa njia za kwanza duniani kutumia umeme wa aina yake. Chini na kando ya nyaya za namna hiyo mti mrefu haukubaliwi, hukatwa. Kwa hiyo tangu hapo bustani iliyokuwa karibu kabisa na reli haikuwa ya miembe na maparachichi. Ilikuwa ya mimea mifupi, ya msimu, inayong'olewa na kupandwa upya. Mtu anayekumbuka miembe mikubwa ikigusa behewa anakumbuka mahali pengine.

2. Bustani nzuri za zamani zilisimama juu ya mshahara

Hili lilinichukua muda kulielewa, na ndilo ninaloliona zito kuliko yote.

Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, mwanzoni ilichukua vijana kwa mikataba mifupi, wakafanya kazi na kurudi vijijini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili mkondo: ikataka mfanyakazi mwenye mke na watoto, anayekaa kambini miaka, anayezaa warithi wa kazi yake. Ndipo zikajengwa nyumba za matofali zenye kiwanja, shule, zahanati, na mabomba ya maji. Kila familia ilipokea posho ya chakula, unga wa mahindi ukiwa wa kwanza. Panda ikawa na viwanda vyake vya kuandaa na kuyeyusha shaba, na karakana kuu ambazo mpaka leo watu huziita Ateliers Centraux. Shituru, kando yetu, ikapata kiwanda cha shaba ya elektrolisisi mwaka 1929.

Ndani ya mpango huo bustani ilikuwa na nafasi yake. Shefu wa kambi alipita kukagua usafi. Kiwanja chenye majani marefu kilileta maneno, kiwanja chenye maua kilileta sifa. Bibi zetu walifundishwa kushona na kupika kwa namna ya kizungu, na maua mbele ya mlango yalikuwa sehemu ya somo lile lile. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, utaratibu huo haukufa siku hiyo. Mimi mwenyewe niliukuta ukiwa hai: maji ya bomba hayakukatika ovyo, unga ulifika, baba alirudi nyumbani saa inayojulikana, na saa za jioni zilikuwa za kumwagilia. Watu walisema Gécamines njo baba, njo mama. Walikuwa wakieleza hali halisi ya nyumba zao.

Kwa hiyo nikisikia mzee anasikitikia maua yaliyoonekana kutoka kwenye treni, namwelewa, na masikitiko yake ni ya haki. Maua yale yalikuwa ishara kwamba ndani ya nyumba ile tumbo lilikuwa limeshatunzwa. Mtu hupanda waridi pale ambapo sombe imeshapatikana. Ua uliokatwa sawasawa ulihitaji mkono wenye nafasi, maji yasiyonunuliwa kwa bidoni, na uhakika kwamba mwakani familia itakuwa bado inakaa humo. Mambo hayo matatu yalipotoweka, ua nao ulitoweka. Na sipendi tusahau kwamba hata wakati wa raha hiyo, nyumba haikuwa ya mfanyakazi. Akifukuzwa kazi, bustani ilibaki kambini.

3. Njaa nayo hulima

Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, Kolwezi, uliporomoka. Mwaka uliofuata maduka na karakana za nchi nzima ziliporwa. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, mwaka 1993 ilikuwa imeanguka chini ya tani 50,000. Mishahara ikaanza kuchelewa mwezi, halafu miezi, halafu ikawa habari ya kusimuliana. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa fungu moja na kuacha kazi katika mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Katika mtaa wetu karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wa orodha hiyo, na sikusikia hata mmoja akilitumia neno hiari.

Katika miaka ile bustani hazikupungua. Ziliongezeka kuliko wakati wowote niliowahi kuuona. Mama yangu aling'oa waridi zote zilizokuwa mbele ya baraza na kupanda mahindi, maharagwe yakipanda juu ya mabua, maboga yakitambaa chini. Bogenvilia aliiacha, maana miiba yake ilizuia mbuzi. Jirani alipomuuliza kwa nini anaharibu mbele ya nyumba, alimjibu kwa Kiswahili chetu cha Katanga: "Batoto habakulake maua, mama." Mwezi uliofuata jirani naye alikuwa na jembe mkononi.

Kutoka dirisha la treni, badiliko hilo lilionekana kama uchakavu. Palipokuwa na mpangilio pakawa na msitu wa mahindi, vipande vya mabati vikawa ua, nyanya zikafungwa kwenye vijiti visivyolingana. Msafiri aliyezoea Jadotville ya picha aliona mji umeachwa. Aliyeshuka na kuingia mtaani alikuta watu wanalima kuliko baba zao. Viwanja havikutosha, kwa hiyo kina mama walitoka na kulima kando ya reli, kando ya mitaro, kwenye miteremko ya mito, na juu ya vichuguu. Vichuguu vya Katanga ni vilima kweli, vingine hufikia mita nane, na udongo wake una rutuba kuliko ule mwekundu unaovizunguka. Mahindi ya juu ya kichuguu hukomaa yakiwa na rangi ya kijani iliyokolea. Ukipita kwa treni mwezi wa Januari unaweza kuvitambua kwa hilo tu.

Somo nililolipata ni kwamba swali la kupungua halina maana kabla hujasema bustani gani. Ya maua ilipungua. Ya chakula ilipanda, na ilipanda kwa sababu ya msiba. Unga wetu mwingi hutoka Zambia, na mpaka ukikaza, bei ya bukari (ugali) hupanda siku hiyo hiyo. Familia yenye mistari michache ya lengalenga na debe la mahindi ya nyumbani inalala ikiwa imekula.

4. Kuna bustani zilizoachwa na wenyewe

Lazima nitaje jambo hili, ingawa wengi mjini hupenda kulipita haraka. Kuanzia mwaka 1992 Baluba wa Kasai, ambao wengi wao walizaliwa hapa na baba zao waliletwa na kampuni na reli, walifukuzwa makwao katika miji ya Katanga. Likasi iliathirika vibaya sana. Maelfu kwa maelfu walikaa kwenye gare, yaani stesheni ya treni, na kandokando yake, miezi na miezi, wakingoja treni ya kuwapeleka Mwene-Ditu na Kananga, kule Kasai, kupitia Tenke na Kamina. Wengi walikufa kwa maradhi wakingoja, na wengine njiani.

Nilikuwa kijana, na niliona viwanja vyao msimu ule. Mahindi yaliyopandwa na watu waliokuwa wamelala gare yalikomaa, yakavunwa na wengine. Treni zilipoanza kuwachukua, zilipita nyuma ya nyumba zile zile. Kila ninaposikia mtu akihesabu bustani za zamani za Likasi bila kutaja hili, naona hesabu yake ina pengo. Baadhi ya bustani zilizosifiwa sana, za watu wa reli hasa, zilikuwa za familia hizo. Zilipoondoka, ulipotea ujuzi: namna ya kuchagua mbegu, vitalu vya vitunguu vya wakati wa ukavu, miti ya matunda iliyounganishwa vizuri. Baadhi ya familia zilirudi baadaye. Viwanja vyao vilikuwa na wenyewe wengine.

5. Kilichofunga dirisha ni tofali

Kupungua kwa kweli, kwa bustani za kila namna, nilikuona baadaye, wakati madini yalipopata bei tena na kampuni mpya zikaja baada ya sheria ya migodi ya mwaka 2002. Nyumba nyingi za kambi zilikuwa zimepita mikononi mwa waliokuwa wakikaa humo. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi wa Panda, au mjane wake, alikuwa na kitu cha kuuza. Wakauza nusu ya kiwanja kulipa hospitali au ada. Wakajenga aneksi ya chumba kimoja au viwili nyuma, wakapangisha kwa vijana waliokuja kuchimba na kwa wafanyakazi wa kandarasi. Ukifanya hesabu huwezi kuwalaumu: kodi ya chumba kimoja kila mwezi inazidi chochote ambacho vitalu vya mboga vitaleta.

Kisha zikaja kuta. Wizi uliongezeka, na aliyepata fedha alizungushia kiwanja ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu. Matofali yenyewe, mengi, ni ya udongo wa vichuguu, umefinyangwa na kuchomwa kwa kuni papo hapo. Nimeona vilima nilivyovijua vikiwa na mahindi vikikatwa mpaka chini na kugeuzwa kuta zinazozuia kuona bustani nyingine.

Hapa nilijizuia kufikia hukumu upesi, kwa sababu nyuma ya ukuta huenda kuna kitu. Nimeingia ndani ya nyua nyingi za namna hiyo. Katika baadhi yake nimekuta bustani nzuri kuliko zote za zamani, zenye kisima, mipapai, michungwa, na mboga za kila wiki. Katika nyingi zaidi nimekuta saruji, gari na chumba cha mpangaji. Kwa maoni yangu, kwa yale niliyoyaona kwa macho, kuta zimeficha sehemu ndogo na kuua sehemu kubwa.

6. Macho ya kuona nayo yamepungua

Treni ya abiria kwetu imekuwa tukio. SNCC, kampuni ya reli ya taifa na mrithi wa BCK, ile kampuni ya reli ya Wabelgiji, ina reli za zamani, injini chache, na safari ambazo mtu hawezi kupangia harusi wala mazishi. Wenye haraka hupanda basi au gari dogo kwenye barabara ya taifa, kilomita kama 120 hivi mpaka Lubumbashi, kati ya malori ya shaba na kobalti. Wasio na nauli hupanda juu ya mabehewa ya mizigo, na hatari yake nchi nzima inaijua: Machi 2022 treni ya mizigo iliacha reli Buyofwe, mkoani Lualaba, na watu zaidi ya 60 waliokuwa wameipanda wakafa.

Kwa hiyo wengi wanaosema bustani zimeisha hawajapita nyuma ya nyumba hizo kwa miaka. Wanachokiona sasa ni mbele, kutoka barabarani: magunia ya makala, gereji, maduka ya simu, vumbi. Wanalinganisha uani wa zamani na baraza la leo.

Mwendo nao unabadili kinachoonekana. Ndugu yangu anayefanya biashara Dar es Salaam amepanda treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 mpaka Dodoma, inayofikia kilomita 160 kwa saa, kwenye tuta lililozungushiwa uzio. Aliniambia kwa furaha kwamba alifika kabla hajamaliza magazeti yake. Nilipomuuliza watu wa Ruvu na Ngerengere wamepanda nini mwaka huu, hakuweza kunijibu, wakati kwa treni ya zamani alikuwa akijua mpaka bei ya mihogo ya kuchemsha. Sisemi treni iende polepole. Nasema kizazi kitakachosafiri hivyo kitahitaji njia nyingine ya kujua jirani yake anakula nini.

7. Udongo hutunza kila kilichomwagwa

Kuna mahali kando ya viwanda vyetu ambapo hata njaa haikuweza kulima. Kutoka kwenye treni huonekana kama vipara vyekundu na vyeupe, na juu yake, baada ya mvua, kamea kafupi kenye maua ya zambarau. Wataalamu wa mimea hukaita Haumaniastrum katangense, na wazungu walikaita ua la shaba. Kanastahimili shaba inayoua mimea mingine. Wachunguzi wa mambo ya kale wamekatumia kutafuta mahali ambapo mababu zetu waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Union Minière. Mtoto wa Panda hukajua kwa sababu nyingine: palipo na ua hilo usipoteze mbegu.

Hofu yangu kubwa haiko kwenye vipara hivyo, maana vinaonekana. Iko kwenye bustani zilizostawi vizuri karibu navyo. Maji ya viwanda vya Shituru yamekuwa yakishuka kwenye mito midogo ya mji, Panda na Buluo ikiwemo, kuelekea Lufira na ziwa la Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha. Wakati wa ukavu, kina mama humwagilia kwa maji ya mito hiyo hiyo, kwa sababu bomba halitoi. Vumbi la malori na la mawe ya madini hutua kwenye majani.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vya watu wa kusini mwa Katanga. Waliokuwa wakiishi umbali usiozidi kilomita tatu kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia madini walikutwa na kobalti nyingi mno, na watoto walizidi watu wazima. Utafiti mwingine wa mwaka 2014 ulitafuta njia ambazo kobalti hiyo hupitia, na ulionyesha mboga zinazolimwa hapa hapa na vumbi linaloingia kinywani kuwa njia kubwa.

Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu mboga ndizo zilizotuokoa. Nakataa hitimisho la wale wanaosema basi kina mama waache kulima. Hao hawajasema watoto wale nini. Lakini nakataa pia kunyamaza. Niliuliza wataalamu wa kilimo na nikajaribu nyumbani, na yapo mambo ya kufanya. Mboga za majani, lengalenga na kabichi ya Kichina hasa, hubeba metali nyingi kuliko zile tunazokula tunda lake, kama nyanya, bilinganya na maboga. Kwa hiyo kiwanja kilicho karibu na kiwanda kipewe mimea ya tunda, na majani yalimwe mbali. Chokaa na mbolea ya mboji hupunguza uchachu wa udongo na kufanya shaba isiingie kwa wingi kwenye mmea. Vitalu vilivyoinuliwa kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi husaidia zaidi, ingawa ni kazi ya kubeba. Majani yaoshwe kwa maji mengi, maana sehemu ya sumu ni vumbi la juu. Na watoto wanawe mikono kabla ya kula, hata kama hawakugusa jembe.

Kule Lubumbashi, katika mtaa wa Penga Penga ulio kwenye njia ya moshi wa tanuri la zamani la Gécamines, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kufunika udongo ulioungua kwa nyasi za kienyeji zinazostahimili shaba, Microchloa kunthii ikiwa mojawapo, wakichanganya na chokaa na mboji. Nyasi zilishika. Hazikugeuza mahali pale kuwa shamba, lakini udongo uliofunikwa hauruki na upepo kuingia kwenye sufuria za majirani. Vipara vya kando ya reli yetu vingeweza kufanyiwa hivyo, na wanaofaidika na madini yetu leo ndio wanaopaswa kulipa gharama.

8. Bustani ya kando ya reli hudumu ikiwa na karatasi

Nimesoma kuhusu nchi ambazo abiria wa treni bado huona vitalu vya mboga mpaka katikati ya mji. Uingereza ina sheria ya mwaka 1908 inayozibana halmashauri kuwapa wananchi vipande vya kulima, na wakati wa vita kuu ya pili vipande hivyo vilizidi milioni moja. Vimepungua sana tangu hapo, lakini havikufutika, kwa sababu kuviondoa kuna utaratibu. Ujerumani kuna jumuiya ya watu wa reli ambayo kazi yake ni kukodisha na kusimamia bustani katika ardhi ya reli, na mtu hulima kipande kile kile miaka mingi kwa ada ndogo.

Mama wa Panda anayelima kando ya reli hana kitu cha namna hiyo. Analima kwa kuvumiliwa. Mlinzi akibadilishwa, au afisa mmoja akiamka vibaya, mahindi yanafyekwa yakiwa na mbelewele. Niliwahi kushuhudia kitalu cha vitunguu kikikanyagwa hivyo, na mwenyewe akaokota vilivyobaki akasema tu, "Ardhi haiko yetu, papa." Mtu wa namna hiyo hawezi kutia chokaa, hawezi kupanda mti, hawezi kuinua vitalu, kwa sababu kila moja ya kazi hizo huzaa matunda mwaka wa pili au wa tatu. Tunamlaumu kwa bustani mbovu wakati tumemnyima mwaka wa pili.

Sasa watu wanazungumza juu ya kufufua reli. Njia ya kutoka Kolwezi na Dilolo mpaka bandari ya Lobito, Angola, imepata wafadhili wa Marekani na Ulaya, na matumaini yameanza kufika mpaka kwetu kwamba siku moja treni zitapita tena kwa saa inayojulikana. Nafurahi. Lakini reli ikifufuliwa, kitu cha kwanza kitakachofanywa ni kusafisha pembeni mwake, na wa kwanza kuondolewa watakuwa hao kina mama. Kabla ya siku hiyo komini na watu wa reli wakae na walimaji, wapime ni umbali gani kutoka kwenye nyaya na reli unaofaa kwa mimea mifupi, wapime udongo wa kila sehemu, waandike ni wapi panafaa mboga za majani, wapi mimea ya tunda na wapi nyasi tu, kisha watoe mkataba wa misimu angalau mitatu wenye jina la mlimaji. Udongo unaweza kupimwa Lubumbashi, na jembe tayari liko shambani.